Michezo ya Safari ya Kijapani: Ipi Ichezwe, na kwa Kiasi Gani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama wetu mmoja, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 2006, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka hapa Karatu. Tunayachapa kama alivyoyasema. Maswali yaliyofuata tumeyaacha kwa uchache wa nafasi. – Mhariri)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze leo, alitazamia kwamba nitazungumza juu ya utalii, kwa maana ndiyo kazi inayonilisha. Nimekuwa dereva na mwongoza wageni kwa miaka mingi sasa, na lango la Lodoare nalijua kama mlango wa nyumba yangu. Lakini nilimjibu kwamba habari za simba na faru wa Ngorongoro mnazo za kutosha, na baadhi yenu mnazijua kuliko mimi. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya michezo ya video, ile ambayo vijana mnaiita magemu, na hasa aina moja yake iliyotoka Japani. Katibu alikubali kwa sharti moja: nisiwaharibie walimu kazi yao. Nimeahidi, na mwishoni mtanihukumu kama nimetimiza.

Wazee wenzangu, msininunie. Japani si ngeni kwetu. Barabara ya lami itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kufika lango la Ngorongoro, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Sisi tuliokua kabla ya lami tunakumbuka safari ya Arusha ilivyokuwa: unaondoka umevaa shati jeupe, unafika limekuwa jekundu. Basi watu hao waliotusaidia njia ya magari ni mafundi pia wa safari za namna nyingine, ambazo mtu huzifunga hali amekaa kwenye benchi.

Kwanza nieleze michezo yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajapata kuiona. Mchezaji huvaa nafsi ya mtu aliye ndani ya hadithi. Kwa kawaida mtu huyo huanza mnyonge: kijana wa kijijini, mwenye fimbo na akiba ndogo mfukoni. Anatembea, anazungumza na kila amkutaye, anasikia tetesi, anapata wenzi wa safari. Njiani hukutana na madubwana. Hapo hakuna kubonyeza ovyo ovyo kama katika mchezo wa mpira. Katika michezo hii ya asili mapigano huenda kwa zamu. Wewe unatoa amri: piga, jilinde, tumia uganga, mpe mwenzako dawa, kisha adui naye anafanya yake. Kila ushindi huongeza uzoefu, na uzoefu ukijaa unapanda daraja. Anayejua bao ataelewa upesi. Ashindaye si mwenye mkono mwepesi, bali ni yule aliyehesabu kete kabla hajazishika.

Asili yake ni hii. Mwaka 1974 Wamarekani walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambao watu huketi wakaigiza mashujaa kwa karatasi, kalamu na dadu. Mwaka 1981 ikatoka michezo ya kompyuta ya namna hiyo, Wizardry na Ultima. Kijana mmoja wa Kijapani, Yuji Horii, akaipenda, lakini akaona ni migumu mno kwa watu wa kawaida. Akaamua kutengeneza wa kwake utakaoweza kuchezwa na yeyote. Picha zilichorwa na Akira Toriyama, muziki ukatungwa na Koichi Sugiyama, na tarehe 27 Mei 1986 mchezo ukatoka kwa jina la Dragon Quest. Mwaka uliofuata, Hironobu Sakaguchi na wenzake wakatoa Final Fantasy. Hao ndio mababu wawili wa ukoo huu.

Walimu watapenda kusikia kwamba matatizo nayo yalianza mapema. Dragon Quest ya tatu ilitoka Februari 1988, siku ya kazi, na wanafunzi wengi wa Japani wakakutwa kwenye foleni za maduka badala ya madarasani. Kwa hiyo utoro haukuvumbuliwa Karatu.

Sasa niungame ya kwangu, maana mtu hawezi kusifia asali akaficha kwamba alipata kuumwa na nyuki.

Mwaka 2004 nilikuwa Kidato cha Pili hapa. Mjini Karatu palikuwa na kibanda chenye televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation zilizokwisha tumika. Watu wote walicheza mpira. Siku moja niliona kwenye boksi santuri tatu ambazo hakuna aliyezigusa, kwa sababu, alivyoniambia mwenye kibanda, “hiyo ni ya kusoma tu.” Ilikuwa Final Fantasy VII, ya mwaka 1997. Niliiweka. Nikamwona kijana mwenye upanga mkubwa kuliko yeye akishuka kwenye treni usiku, katika mji ambao kampuni moja hunyonya uhai wa dunia ili kuwasha taa. Nilicheza hadi fedha ikaisha. Kesho yake nikarudi, nikakuta lazima nianze upya, kwa sababu kibanda hakikuwa na kadi ya kumbukumbu ya kuhifadhia mtu alipofikia. Nikaanza upya. Kesho kutwa tena. Ule mwanzo nimeucheza mara tisa.

Nilitaka kadi. Kadi yenyewe ni kipande kidogo cha plastiki, lakini ilipaswa kuagizwa Arusha. Ilikuwa mwezi wa Septemba, mbaazi zimevunwa, na ghala la baba kule Rhotia lilikuwa limejaa. Nikachukua madebe mawili, nikayauza gulioni. Mbaazi hizo zilikuwa ada yangu ya shule, nami nikawa mwizi wa ada yangu mwenyewe.

Baba hakuwa amesoma, lakini alijua hesabu ya ghala lake. Ilimchukua siku nne. Hakunipiga. Aliniuliza, “Mbaazi zimekwenda wapi?” Nikamwambia. Akanyoosha mkono, nikampa kadi. Akaitazama mbele na nyuma, akaitia katika kopo lake la ugoro, akasema, “Madebe mawili utayarudisha kwa jembe. Na hiki utakipata siku utakapomaliza Kidato cha Nne.” Msimu huo nilichimba makingamaji katika mashamba ya majirani hadi mikono ikaota sugu. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili niliupenya kama uzi katika tundu la sindano. Somo moja tu nilipata alama nzuri, nalo ni Kiingereza. Mwalimu wa Hisabati, aliye hapa leo, anakumbuka kwamba yeye hakucheka.

Novemba 2006 nilitoka katika mtihani wa mwisho, nikafika nyumbani, nikakuta kopo liko mezani. Lakini baba alikuwa amevaa koti. Akasema, “Twende. Nataka kukiona kilichokula mbaazi zangu.” Tukaketi wawili kwenye benchi ya kibanda, katikati ya watoto wa mpira, mimi nikisoma Kiingereza na kumtafsiria kwa Kiiraqw. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Huo mji wa taa una watu wanaoishi chini yake. Na wao taa zinawafikia?” Nikamwambia hapana, ndiyo sababu ya vita. Akatikisa kichwa. Baadaye akauliza tena, “Na hawa wasafiri, ni nani anayewapikia?” Swali hilo sikuwa na jibu lake, na sijalipata hadi leo.

Nimewaeleza hayo ili mjue kwamba anayewashauri hapa alikwisha anguka. Sasa nije kwenye kazi niliyoombwa, ya kuwaambia wapenzi wa michezo hii wacheze ipi. Sitawapangia ya kwanza hadi ya kumi kama matokeo ya mtihani. Nitapanga kwa tabia ya mtu.

Kwa anayeanza kabisa, na ana simu tu, aanze na Dragon Quest yenyewe ya kwanza. Ni fupi, shujaa ni mmoja, na adui huja mmoja mmoja. Ni kama kujifunza kuendesha gari uwanjani kabla ya kuingia barabarani. Ila nawaonya: Kiingereza chake kimevikwa kilemba cha zamani, kama cha Biblia za kale, kwa hiyo msikipeleke kwenye insha.

Kwa anayependa hadithi iliyonyooka, isiyochosha, nampa Chrono Trigger, ya mwaka 1995. Horii na Sakaguchi, mafundi wa kampuni mbili zilizoshindana, waliungana kuitengeneza, na Toriyama akachora. Vijana watatu wanagundua njia ya kupita katika wakati. Wanafika mwaka 2300 na kukuta dunia imekwisha kuwa majivu; kisha wanaamua kutafuta chanzo chake na kukizuia, na safari hiyo inawafikisha hadi miaka milioni 65 iliyopita. Mtu wa kwetu anaielewa hadithi hiyo kuliko mwingine yeyote. Sisi tunaishi jirani na Laetoli, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Tunaishi jirani na Oldupai, ambako mwaka 1959 mama huyo huyo alikuta fuvu la Zinjanthropus. Mimi nimewapeleka wageni huko mara nyingi, na kila mara nawaona wakinyamaza. Mchezo huu unakupa unyamavu wa namna hiyo.

Kuna mahali ndani yake ambapo mama mmoja anataka kurudisha msitu katika nchi iliyogeuka jangwa, na mwenzi mmoja wa safari, ambaye ni mtu wa mashine, anajitolea kubaki nyuma aupande. Ninyi mnaruka miaka 400 kwa dakika moja, mnamkuta amechakaa na kutu, na msitu umesimama. Sisi tunaokunywa maji yanayotoka katika msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, tunaojua korongo linavyoweza kula shamba la mtu kwa masika mawili, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Mchezo huo upo kwa simu na kwa kompyuta, na hauzidi sana saa 25. Kama mtaweza kucheza mmoja tu maishani, chezeni huo.

Kwa anayependa watu na ujenzi wa taifa, nampa Suikoden, ya mwaka 1995, na ya pili yake ya mwaka 1998. Zote mbili zimetolewa upya kwa pamoja Machi 2025, zikiwa zimesafishwa picha. Aliyeziandika, Yoshitaka Murayama, alifariki mwaka 2024. Alichukua wazo katika kitabu cha kale cha Kichina juu ya majambazi 108 waliopigana na serikali dhalimu. Unapewa ngome iliyo gofu, kisha unazunguka nchi nzima kutafuta watu 108. Si wapiganaji tu: yuko mpishi, yuko fundi chuma, yuko mjenzi. Kila anayekuja analeta alichonacho, na gofu linageuka mji. Wazee waliobeba mawe na kufyatua matofali ya shule za kata watatabasamu. Ya pili ni nzito zaidi. Inahusu marafiki wawili waliokua pamoja, ambao vita inawaweka kila mmoja upande wake, na hakuna kati yao aliye mbaya. Ndugu wanachama, kati yetu wako waliowahi kugombana kwa siasa ya vyama hadi kususiana misiba. Hao nawashauri waicheze.

Kwa mcheza bao hodari, anayetaka kuumiza kichwa, iko Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997, iliyotolewa upya mwaka 2025. Mapigano yake huchezwa juu ya uwanja wa viraba, na kila hatua, kila mwinuko wa ardhi, una hesabu. Hadithi ni ya vijana wawili waliolelewa nyumba moja, mmoja mtoto wa kabaila na mwingine wa mtu wa kawaida, na jinsi tofauti hiyo ya kuzaliwa inavyowatenganisha. Si rahisi, na anayeanza asiiguse.

Kwa mwanafunzi wa bweni, ninayo moja ya kuchekesha: EarthBound, iliyotoka Japani mwaka 1994 na kuandikwa na Shigesato Itoi, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunga matangazo ya biashara. Shujaa ni mtoto mwenye kofia na gongo la kuchezea mpira. Baba yake haonekani kabisa. Yuko kwenye simu tu. Ukitaka kuhifadhi ulipofikia, unampigia baba. Naye anakutumia fedha benki. Shujaa huyo pia hushikwa na ugonjwa wa kuwakumbuka nyumbani, akashindwa kupigana vizuri, na dawa yake ni moja: kumpigia mama. Aliyewahi kulala bweni juma la kwanza la Kidato cha Kwanza hataona hilo kuwa ni mchezo.

Kwa vijana wakubwa, waliovuka miaka 17, iko Persona 4, ya mwaka 2008, ambayo toleo lake kamili linapatikana kwa kompyuta tangu mwaka 2020. Kijana wa mjini anahamishiwa shule ya mji mdogo kwa mwaka mmoja, na mauaji ya ajabu yanatokea. Mchezo unakwenda kwa kalenda, siku moja moja. Ukisoma leo, hukumtembelea rafiki. Ukifanya kibarua, hukusoma. Mitihani ipo, na maswali yake yaliulizwa darasani. Mwaka ukiisha umeisha. Sijaona mchezo uliomweleza mwanafunzi thamani ya ratiba kama huo, ingawa una mambo mazito, na ndiyo sababu nimetaja umri.

Na kwa anayeuliza, “Na sisi Waafrika je?” jibu lipo. Kule Yaoundé, Kamerun, kijana mmoja, Olivier Madiba, na wenzake walianzisha kampuni ya Kiro'o Games, na Aprili 2016 wakatoa mchezo wao, Aurion. Waliipenda michezo ya Kijapani utotoni kama mimi, lakini wao hawakuishia kupenda. Shujaa ni mfalme kijana aliyepinduliwa siku ya harusi na kutawazwa kwake, akafukuzwa yeye na mke wake, na wote wawili wanapigana bega kwa bega. Mapigano ni ya papo kwa papo, si ya zamu, na hayana ulaini wa yale ya Kijapani. Lakini nguo, majina na busara ni za bara letu. Nimeutaja kwa ajili ya kijana mmoja aliye ukumbini humu, simjui ni nani, ambaye anaijua hadithi ya Wamaasai na Wadatoga na Bonde la Ngorongoro kama alivyosimuliwa na babu yake. Hadithi hiyo haijawa mchezo wa mtu yeyote. Inakungoja.

Nimeuacha mmoja makusudi. Ni Dragon Quest V, ya mwaka 1992, ambayo sasa ipo kwa simu. Ndani yake unaanza ukiwa mtoto mdogo, unatembea nyuma ya baba yako kutoka mji hadi mji. Dubwana likitokea, wewe unapiga na fimbo yako, hufanyi lolote la maana. Lakini ukijeruhiwa, baba anakuponya bila wewe kutoa amri. Huwezi kumwamuru, anajua mwenyewe. Yatakayofuata sitayasema, ila miaka inapita mchezoni, unakua, unaoa, na inafika siku unatembea wewe mbele na watoto wako wanafuata nyuma.

Baba yangu alifariki mwaka 2015. Mchezo huo niliucheza mwaka uliofuata, jioni jioni, wageni wakishalala. Yule baba aliponiponya mara ya kwanza bila kuulizwa, niliizima simu nikatoka nje nikakaa. Niliyaona makingamaji, nikaliona kopo la ugoro. Nilielewa siku hiyo kwamba aliponinyang'anya kadi alikuwa ananiponya, na mimi nilidhani ananiadhibu.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa masharti matatu, ambayo ndiyo malipo yangu kwa walimu.

La kwanza: mchezo ni wa likizo na wa mapumziko. Shuleni simu haziruhusiwi, na mimi sikuja kuomba ziruhusiwe. Michezo hii ni mirefu, na ina mtego wake: mtu huweza kukaa saa nyingi akiua vidubwana vidogo ili apande daraja, akadhani anafanya kazi. Daraja hilo halimo katika cheti. Hata yule baba wa EarthBound, ukicheza muda mrefu, hupiga simu mwenyewe na kukushauri upumzike. Kama baba wa kwenye mashine anajua hilo, wa Rhotia atashindwaje?

La pili: cheza na kamusi na daftari. Michezo hii ni vitabu vinavyotembea. Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili na kukutana na Kiingereza cha Kidato cha Kwanza anajua ukuta ule ulivyo. Mimi niliuparua kwa kucha, neno baada ya neno, kwa sababu nilitaka kujua kijana yule anamtafuta nani. Nilipoanza kuongoza wageni, maneno mengi niliyokuwa nayo nilikuwa nimeyatoa kwenye kile kibanda. Mwaka mmoja nilimchukua mama wa Kijapani, mtu mzima, tukashuka naye bondeni. Katika kuzungumza nikataja Dragon Quest. Akaimba muziki wa mwanzo wake pale pale, tukiwa tumesimama tukitazama nyati, kisha akaniambia kwamba mwaka 1988 alikuwa kwenye ile foleni.

La tatu: usinunue kwa fedha isiyo yako. Usiibe mchezo wala usiibe mbaazi. Aliyetengeneza mchezo amelima, na aliyevuna mbaazi amelima. Hilo sina haja ya kuliongeza neno.

Sikuja kuomba chama kinunue mashine. Nimekuja na kamusi kumi za Kiingereza na Kiswahili, ziko kwenye boksi pale mlangoni, na naomba Mwalimu Mkuu azipokee kwa ajili ya maktaba. Bei yake niliipiga hesabu kwa madebe ya mbaazi, na inazidi mawili.

Na lile kopo ninalo hapa. Kadi bado imo ndani, ingawa mashine ya kuisoma sina tena. Mwanangu yuko Kidato cha Kwanza katika shule hii, amekaa safu ya mwisho, na naona anatazama chini kwa aibu ya baba yake kusema mengi. Mwanangu, kopo hili litakaa kwa mama yako. Siku utakayotoka kwenye mtihani wa mwisho, utalikuta mezani, nami nitakuwa nimevaa koti.